Mgao wa Lomorukai

Lomorukai alipokufa, simu yake haikuingia hata tone moja la maji. Alikuwa na mazoea ya kuifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni na kuipiga fundo kwa sababu ya vumbi la barabara ya Kakuma, na vijana wa Lodwar walimcheka: mtu ana pikipiki isiyo na breki za maana, lakini simu yake inavaa makoti mawili. Maji ya laga yalimchukua yeye na pikipiki mchana kweupe, mbingu ikiwa safi kabisa, maana mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Laga ni mto wa mchanga. Mwaka mzima unaupita kwa miguu mikavu, kisha siku moja wenyewe unakumbuka kwamba nao ni mto. Lomorukai alilijua hilo tangu utotoni. Alikuwa na haraka tu.

Aliyeitwa kwenye chumba cha maiti ni dada yake, Namuria. Askari akamkabidhi mkanda, kiatu kimoja, na ile simu kwenye nailoni yake. Namuria akafungua fundo, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi ya kufanya. Simu ikawaka, ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Kasongo wa Kalobeyei: "Yaya Lomo, ulishafika?"

Yaya, kwa Wakongomani, ni ndugu mkubwa. Namuria alikuwa amesimama karibu kabisa na meza alipolazwa kaka yake. Akaandika: "Nimefika."

Msiniulize kwa nini, maana hata yeye hajui. Hakulia siku ile. Hakulia mazishini, mchungaji alipoomba, wala shangazi zake walipojitupa mchangani. Watu wakasema ana moyo mgumu. Mimi nasema hakuwa na habari na moyo wake. Ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na mguu wa namna hiyo hauumi mpaka uuinue.

Sasa niwaeleze biashara iliyomkutanisha Lomorukai na watu wa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na kambi ya Kakuma. Kuna kampuni za sarafu za mtandaoni ambazo, zikiwa bado changa, hugawa tokeni zao bure ili zipate watu. Unajisajili, unagusa kitufe kila siku, unatazama matangazo, unamwalika mwenzako, na siku moja kampuni ikipenda inakumwagia tokeni kwenye akaunti yako, nawe unaziuza kwa yeyote anayezitaka. Mara nyingi kampuni haipendi. Wengine huita eadropu. Lomorukai na wenzake waliita mgao, kama ule wa chakula pale kambini, tofauti ikiwa kwamba huu hauna foleni ya juani.

Walikuwa wanne. Kasongo, Mkongomani, alikuwa kinyozi na mchajishaji wa simu kwa umeme wa sola. Félicité, mama wa Kirundi, aliuza maharage na mandazi karibu na kibanda cha Kasongo, na Lomorukai ndiye aliyemletea mizigo kwa pikipiki kutoka Lodwar. Wa nne alikuwa Namuria, aliyejisajili ili kaka yake aache kumsumbua, kisha akaisahau akaunti yake. Lomorukai ndiye mwalimu. Sheria zake zilikuwa mbili: usilipe chochote ili upate cha bure, na anayekuomba maneno ya siri ya akaunti yako ni mwizi, hata akiwa mchungaji.

Baada ya mazishi Namuria alirudi kazini. Alikuwa mpika chapati kwenye hoteli moja ndogo karibu na soko la Lodwar. Simu zikawa mbili, ya kwake na ya marehemu, zimeegemezwa kwenye kopo la unga. Kila asubuhi, kabla ya kukanda, aligusa kitufe cha Lomorukai kwanza, kisha chake. Haba na haba hujaza kibaba, kaka yake alikuwa akipenda kusema, ingawa kibaba chenyewe hakuna aliyekuwa amekiona.

Kwenye kikundi chao cha WhatsApp, Kasongo aliandika siku ya pili tangu Namuria arudi kazini: "Nasikia laga ilibeba mtu njia ya Lodwar."

"Hata mimi nimesikia," Namuria akajibu kwa jina la Lomorukai. "Mungu amlaze pema." Kisha akageuza chapati.

Zamani Lomorukai alikuwa akituma sauti, na vicheko ndani yake. Sasa alituma maandishi tu. Namuria akawaambia kipaza sauti cha simu kimeharibika. Wakimpigia, hapokei, halafu anaandika kwamba mtandao ni mbaya. Félicité akiulizia mizigo yake, pikipiki iko kwa fundi, spea hazijatoka Kitale. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini ile ya Namuria ilirefuka, kwa sababu mwongo huchoka akiogopa, naye hakuwa anaogopa kitu.

Tokeni ya kwanza kutoka ilikuwa ndogo. Kasongo akauliza: "Yaya, tuuze leo ao tungoje?"

Namuria hakujua. Hata kufungua ukurasa wa bei alikuwa hajui. Alasiri wateja walipopungua, akaketi juu ya gunia akisoma Kiingereza alichokielewa nusunusu, akautazama mstari wa bei ukipanda na kushuka. Mwishowe akaandika, "Uzeni nusu. Hiyo ingine ikae." Siku iliyofuata bei ikaanguka isiinuke tena. "Yaya Lomo njo mwalimu!" akaandika Kasongo, njo yao ikiwa ndiye yetu. Namuria aliitazama sifa hiyo akaona ni ya mtu mwingine, na kweli ilikuwa ya mtu mwingine. Kama bei ingepanda, mjinga pia angekuwa Lomorukai.

Akaanza kujifunza kwa kuumia, kama kila mgeni wa biashara hii. Siku moja alihamisha tokeni ambazo ada ya kuzihamisha ilikuwa kubwa kuliko zenyewe. Siku nyingine aliuza asubuhi, jioni bei ikapaa, akabaki kuitazama simu kama mtu anayetazama kuku wa jirani. Wala hakusikia uchungu. Aliendelea kugusa, kuuza na kujibu, kwa kuwa kila alipofanya hivyo kuna mtu Kalobeyei aliyesema "asante Lomo", na jina hilo lilikuwa halisemwi tena nyumbani kwao.

Kisha mtoto wa Félicité, Inès, akashikwa na malaria. Félicité, akiwa kwenye foleni ya kliniki na mtoto anawaka moto mapajani, aliandika kwa Lomorukai pembeni, nje ya kikundi. Namuria akamjibu. Akamuuliza mtoto amekunywa nini, akamwambia amloweshee kitambaa, akamwambia asiogope, akamwambia asogee mbele aseme kwa sauti kwamba mtoto anatetemeka. Mchana wote waliandikiana hivyo, chapati zikaungua, mwenye hoteli akafoka. Inès akapona. "Asante kaka yangu," aliandika Félicité. "Siku hizi umebadilika. Umekuwa na maneno mazuri." Namuria akasoma maneno hayo mara mbili, kisha akafuta unga kwenye kioo.

Ikaja tokeni moja iitwayo Kivo, ambayo wote waliitegemea; ilikwisha kuhesabiwa kwenye akaunti na uliweza kumhamishia mwenzako, ila siku ya kuiuza ilikuwa bado. Kasongo alitaka betri mpya ya sola, maana ile ya zamani ilikuwa inakata roho na wateja wakihamia kwa jirani. Félicité alitaka kuezeka kibanda chake kabla mvua haijamharibia magunia, hasa baada ya chakula cha mgao, ule wa kweli, kupunguzwa. Kivo za Lomorukai zilikuwa nyingi kuliko za wenzake, kwa kuwa aliwahi kuanza. Na zote zilikuwa ndani ya simu moja, kando ya kopo la unga, kwenye hoteli ambamo juzi tu mteja aliibiwa yake.

Hapo Namuria akafanya alichofundishwa na nyumba aliyozaliwa. Baba yao, mzee Epuyo, hakuwahi kuweka mbuzi wake wote kwenye zizi moja, na hakuna Mturkana mwenye akili anayefanya hivyo. Unampa rafiki wa Lokichar wachache akutunzie, na mwingine wa kule ziwani, ili ukame ukija, au wezi, usiamke maskini. Rafiki naye anakuletea wa kwake. Hakuna karatasi. Ukiwa na shida unakwenda kuomba, na hunyimwi. Basi Namuria akazigawa Kivo za kaka yake: nyingine kwa Kasongo, nyingine kwa Félicité, nyingine kwenye akaunti yake mwenyewe. "Nitunzieni," akaandika. Kasongo, aliyekaa Turkana miaka ya kutosha kujua adabu, akarudisha za kwake kwa Lomo zitunzwe. Félicité naye hivyo hivyo. Tokeni zikazunguka baina ya watu wanne waliotunziana mali, na kila mmoja akalala na amani.

Haikuchukua wiki, akaunti zote nne zikafungwa. Ujumbe ulikuwa mmoja: inaonekana akaunti hizi zinaendeshwa na mtu mmoja. Kwa mashine za huko ng'ambo, mtu anayewapa wenzake mali yake bila kudai kitu hayupo duniani, na akaunti zinazopeana hivyo lazima ziwe za tapeli mmoja mwenye sura nyingi. Mashine haijui habari za mbuzi. Lakini kwa sura mbili kati ya zile nne, ilisema kweli.

Kulikuwa na njia ya kutoka. Kila mwenye akaunti aioneshe kamera uso wake, apepese macho, ageuze kichwa. Ikikosekana sura ya mmoja, wote wanapoteza, isipokuwa mwenye akaunti hiyo aifunge mwenyewe kwa mkono wake kabla ya Ijumaa jioni. Kasongo alifanya siku ileile: "Nimeshageuza kichwa kama kuku. Ilikubali!" Félicité akafuata. Namuria akafanya ya kwake, na mashine ikamwambia kwamba amethibitishwa kuwa mtu halisi. Hakuwa na uhakika sana, lakini hakubisha.

"Yaya," akaandika Kasongo, "ni weye tu unabaki."

Namuria akachukua kitambulisho cha kaka yake, akakishika mbele ya kamera. Ndani ya duara ukatokea ule uso wa picha, umekunja ndita kidogo kwa ajili ya mwanga. Pepesa macho, mashine ikasema. Akangoja. Pepesa macho, ikasema tena. Akaendelea kushika kitambulisho mpaka mkono ukachoka.

Chini kabisa kulikuwa na ile njia nyingine. Je, akaunti hii ni ya mtu halisi? Ndiyo. Hapana. Ungegusa Hapana, akaunti ingefungwa, na watatu waliobaki wangepata mgao wao. Kidole chake, ambacho kilikuwa kimegusa maelfu ya vitufe bila kufikiri, kikakataa. Ilipofika Alhamisi alikuwa bado hajagusa, na Félicité alikuwa ameanza kuandika kwa upole mbaya wa mtu anayeogopa kumuudhi anayemtegemea: "Kaka Lomo, kama kuna shida tuambie tu."

Mficha maradhi kilio humfichua. Ijumaa asubuhi Namuria aliomba ruhusa kwa mwenye hoteli, akapanda matatu kwenda Kakuma.

Njiani walipita kwenye laga ile. Ilikuwa kavu. Wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani wakichota maji kwa vikombe, na mtoto alikuwa ameketi juu ya mtungi akila kitu. Namuria alikuwa amejiandaa kuumia hapo. Hakuumia. Alifikiri tu kwamba maji ni machache na wanawake ni wengi.

Kakuma mjini akachukua boda hadi Kalobeyei, akaulizia kibanda cha Kasongo. Alimkuta ana mashine ya kunyolea mkononi na mteja kitini, kijana mrefu aitwaye Thuok, kichwa kimenyolewa nusu. Félicité alikuwa kizingitini na beseni la mandazi. Hawakuwahi kuonana na Namuria ana kwa ana, lakini picha yake walikuwa wanaiona kila siku kwenye kikundi.

"Ejok, dada!" Kasongo akamsalimu Kiturkana kwa furaha, akachungulia nyuma yake. "Na yaya iko wapi? Anaegesha pikipiki?"

"Ejok," Namuria akajibu. "Lomorukai hayuko."

"Alienda wapi?"

"Alikufa."

Kasongo akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa utani usioiva. "Juzi njo aliniandikia."

"Ile mtu laga ilibeba, ni yeye. Siku ile uliuliza kama amefika. Mimi ndio niliandika amefika. Simu iko na mimi tangu siku hiyo."

Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma hewani. Kasongo akaizima. "Ile mambo ya bibi yangu," alisema polepole, "ile nilimwambia yaya, mwanaume na mwanaume. Kumbe njo weye ulikuwa unasoma?"

"Ni mimi."

"Na ulinijibu!"

"Nilijibu."

"Unajua haya weye?" Sauti yake ikapanda, watu wa kibanda cha pili wakageuka. "Miezi yote nasalimia mtu aliyekufa! Nacheka na yeye! Mi naomba Mungu amulinde barabarani, kumbe ako chini ya udongo!" Akatupa kitana ukutani. Thuok alikuwa ameinama na nusu ya nywele zake.

Félicité aliweka beseni chini, akaketi kando yake. "Ile siku ya kliniki," alisema, "Inès akiwa na malaria. Alikuwa nani?"

"Mimi."

"Maneno yote?"

"Yote, mama Inès."

Félicité akatikisa kichwa. Machozi yalimtoka taratibu, bila kelele, naye hakuyafuta. "Nilimshukuru Mungu kwa Lomo," akasema. "Nikasema nimepata kaka. Sasa sijui nimshukuru nani. Na yule kaka mwenyewe sikumlia hata siku moja."

Namuria angependa kuomba msamaha, lakini maneno ya msamaha yanahitaji mtu anayehisi kosa, naye alihisi uchovu tu. Akatoa simu ya kaka yake mfukoni, akawaonesha lile swali na vitufe vyake viwili. "Leo ndio mwisho," alisema. "Nikigusa hapa, nyinyi mnapata yenu."

"Basi gusa," Kasongo akasema kwa ukali.

"Siwezi. Nikisema hapana, atakuwa hayuko."

Kasongo akaokota kitana chake. Félicité ndiye aliyeinuka, akaja kusimama mbele ya Namuria, akamshika kifundo cha mkono ule ulioshika simu. Hakumshika kwa upendo, alimshika kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara. "Dada," alisema, "hayuko."

Namuria akagusa Hapana.

Kioo kikafifia kidogo, kisha yakatokea maandishi: asante kwa kutusaidia kuondoa akaunti zisizo za kweli. Baada ya hapo jina la Lomorukai halikuonekana tena. Na kama mnataka kujua habari za zile Kivo, zilitoka baadaye, wengi wakauza siku moja, bei ikaanguka. Félicité alipata mabati machache, na Kasongo bado anapigana na betri yake ya zamani. Tusizizungumzie tena.

Kasongo alikuwa bado amekasirika, mgongo wake ulisema hivyo. Lakini alianza kuchomoa simu za wateja kwenye waya za sola, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya rafu. Akazima redio. Akatoa viti viwili nje, kisha mkeka, akautandika kivulini mwa ukuta, akavua viatu akakaa. Félicité akajifunga kitenge kiunoni, akafunika mandazi, akakaa upande wa pili. Thuok naye akatoka na kichwa chake cha nusu, akaketi pembeni, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu aliyefiwa amalizie kukunyoa.

Kalobeyei watu wanajua maana ya mkeka uliotandikwa mchana kibanda kikiwa kimefungwa. Hawakuitwa. Alikuja mwanamke mmoja, akaja mwingine na jagi la maji, akaja mzee Mkongomani kutoka kanisani kwao Kasongo akiwa amevua kofia. Walikaa bila kuuliza, kama adabu ilivyo. Namuria aliachiwa nafasi katikati, mahali pa mfiwa, naye akakaa hapo kwa sababu ndipo palipokuwa wazi.

Mwanamke wa jagi ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini. "Pole jamani. Nani amekufa?"

"Ndugu yetu," Kasongo akasema. "Lomo. Ule wa pikipiki, wa Lodwar."

"Ule aliyekuwa analeta maharage? Yesu wangu! Amekufa lini?"

Kasongo akamtazama Namuria. Hakumsaidia. Félicité naye akamtazama, na wote mkekani wakangoja aseme, maana dada wa marehemu ndiye mwenye kujibu. Namuria akafungua kinywa ataje mwezi ule wa mafuriko.

"Leo," alisema. "Amekufa leo."

Kisha sauti ikamtoka, ile ambayo shangazi zake waliingoja mazishini wasiisikie, ikatoka kubwa na mbaya mpaka watoto wakakimbia barabarani kuja kutazama. Aliliita jina la kaka yake, akaliita tena. Félicité, ambaye alikuwa hajamsamehe, akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake, naye akaanza kulia pamoja naye.